Ukuta wa Kaniki Barazani

Uso wa baba mkwe wangu sikuwahi kuuona. Nilikaa nyumbani kwake miaka, nikampikia, nikamlimia, nikamzalia mjukuu, na hata leo mkiniuliza alikuwa na ndevu au hakuwa nazo nitawajibu sijui. Mgongo wake naujua. Mgongo huo ndio nitakaousimulia, maana juzi mabinti wa chama cha akina mama walikuja hapa kwangu na kinasa sauti, wakakaa kitako, wakasema, "Bibi, tuambie historia ya chama, kilianzaje huku kwetu." Walitaka habari za bendera na mikutano ya hadhara. Bendera niliiona, ndiyo. Lakini mimi chama nilikiona kwanza kikiwa kaniki iliyoinuliwa juu, inatetemeka, na mimi nimo ndani yake.

Mimi ni Mhehe, mtu wa Iringa, wa upande ule wa baridi ambako umande unaganda kwenye majani. Shule nilisoma misheni mpaka nikajua kuandika jina langu, baba akasema inatosha, mbuzi hawachungwi kwa kitabu. Baba mtoto nilikutana naye Nyololo. Shangazi yangu alikuwa anauza viazi vya kuchemsha kando ya barabara, na yeye alikuwa utingo wa lori linalokwenda Mbeya na kurudi. Alikuwa na mdomo huyo! "Dada wa baridi," aliniambia, "viazi vyako vinaunguza, lakini macho yako yamezidi." Nikamwambia, "Nunua viazi, macho hayauzwi." Akanunua. Akawa ananunua kila safari mpaka shangazi akachoka kujifanya haoni. Baba alipokea ng'ombe, nikapanda lori lile lile.

Yeye alikuwa Mnyakyusa. Watu wao walikuwa wamehamia vilima vya karibu na Mbalizi kutafuta shamba. Siku niliyofika, kabla sijatua hata kikapu, mama mkwe alinivuta nyuma ya nyumba.

"Mwali, sikiliza vizuri. Baba yenu akipita huku, wewe pita kule. Ukimsikia, ingia kichakani. Usimtazame, asikutazame. Jina lake lisitoke mdomoni mwako."

"Na nikikutana naye ghafla?"

"Utajifunika, utageuka."

"Nisipogeuka?"

"Miguu itavimba."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Kwetu mkwe tunampigia goti, tunamwamkia, lakini tunamwona. Huku nilijifunza kuwa na masikio ya sungura. Nimelala kwenye mitaro na kuni kichwani. Nimeingia kwenye upupu mimi, nikajikuna mpaka jioni, kwa sababu mzee anatoka kunywa pombe. Ila niseme haki: mzee naye alikuwa na adabu yake. Kabla hajafika kwenye kona alikuwa anakohoa, halafu anasimama kidogo, halafu anakohoa tena. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa ananipa nafasi ya kuondoka. Hatukuwahi kusemezana neno hata moja, lakini kikohozi kile nilikijua kuliko sauti ya mama yangu.

Halafu baba mtoto akafa. Lori lilikosa breki kwenye mteremko. Waliniletea viatu vyake kwanza, buti za ngozi alizozipenda kuliko mimi, ndipo wakaleta mwili. Tukazika. Sitaki kusema mengi hapo.

Siku ya kumaliza msiba, shemeji yangu, kaka wa marehemu, alikuja mbele ya watu na kaniki mpya, nyeusi, bado inanuka duka. Akaninyooshea. Sasa mimi mtu wa Iringa, msibani mtu akikupa nguo unafanyaje? Unapokea kwa mikono miwili, unasema asante. Nikapokea kwa mikono miwili, nikasema asante. Wanawake wakapiga vigelegele.

Nikashangaa. Vigelegele vya nini, na kaburi bado bichi?

Wifi yangu akaniinamia sikioni. "Hongera, dada. Sasa wewe ni wa kaka."

Ndivyo nilivyoolewa mara ya pili, bila kujua, mdomo wangu umejaa asante.

Nilimfuata shemeji kesho yake nikamwambia sitaki, nataka kurudi kwetu na mwanangu. Alikuwa anafunga uzio. Hakuinua hata kichwa. "Barabara ile pale," alisema. "Malori yapo. Nenda. Lakini mtoto ni wa ng'ombe wetu. Atabaki."

Mtoto mwenyewe meno ya mbele ndiyo kwanza yanang'oka. Na wifi, ambaye hakujua kufunga mdomo, akaniambia kuna mzee wa ng'ambo ya mto ameshakuja kumtazama. Kumtazama! Walimwambia alete maji ya kunywa ili aone anavyotembea. Alipoondoka, shemeji alicheka akasema, "Ana hatua nzuri." Basi nikajua. Nikikaa, ni mke wa shemeji, na mtoto ataozwa mbele yangu. Nikienda, mtoto ataozwa nyuma yangu. Njia ya tatu ilikuwa moja tu, kusimama barazani niseme mwenyewe.

Na hapo ndipo penye mwiba. Baraza lilikuwa nyumba ndefu ya udongo, imeezekwa nyasi, yenye mlango mmoja. Baba mkwe alikuwa mmoja wa wazee wa baraza, na kigoda chake kiliwekwa pale pale mlangoni, kwa sababu alipenda hewa. Mkamwana wake gani angepita hapo? Kesi za nyumba yake zote zilikatwa bila sauti ya mwanamke hata mmoja. Mtoto wa kiume anaingia, anasema, "Mke amekubali," baraza linaitikia, yamekwisha. Kesi yangu ilipangwa hivyo hivyo, siku ya baraza inayokuja.

Wakati huo kulikuwa na kikundi cha kufuma kanisani. Mke wa mchungaji alitufundisha kufuma soksi za watoto na kuoka skonzi, na skonzi zenyewe zilikuwa ngumu kama jiwe la kusagia. Lakini akaingia mwanamke mmoja wa Kisafwa, mpika pombe wa soko la Mbalizi, mpana, sauti yake inafika ng'ambo. Yeye alikuwa na kadi ya chama cha siasa, ameificha kwenye kopo la chumvi, na alikuja kufuma bila kujua kufuma. Alikuja kusema. Alisema kuna wanawake miji mingine wanakutana hivi hivi, na mambo wanayoyazungumza si soksi. Tarishi wa baraza alikuwa anazunguka kutusikiliza. Tukimwona dirishani, tunainua sindano na kuimba wimbo wa kanisa. Akipita, tunarudi kwenye habari ya nani amepigwa na nani amenyang'anywa shamba.

Nikawaambia habari yangu huku nalia na uzi umenifunga vidole.

Mke wa mchungaji alisema, "Tumwombe Mungu."

"Tutaomba tukitembea," alisema mpika pombe. "Niambie wewe Mhehe. Huyo mzee akikuona, miguu ya nani inavimba?"

"Yangu."

"Yako!" Aliyedakia alikuwa mkunga wetu, bibi wa Kinyakyusa aliyewazalisha nusu ya watu wa kilima kile. "Nani kakudanganya? Mila haina mguu mmoja. Mzee naye akimtazama mke wa mwanawe amejivunjia heshima. Mimi nimeona wazee wazima, na fimbo zao, wanaruka mitaro kukimbia mkamwana!"

Tukacheka mpaka skonzi zikadondoka. Mpika pombe hakucheka. Alikuwa anamtazama mkunga.

"Kwa hiyo mkamwana akiingia amefunikwa, akapiga hodi kama njiani, mzee atafanya nini?"

Mkunga akafikiri. "Ataondoka. Au atageuka. Akikaa vile vile anatazama, ameharibu mwenyewe."

"Basi hatuvunji mila," alisema mpika pombe. "Tunaiingiza barazani."

Siku ya baraza ukungu ulikuwa mzito. Tulikubaliana kukutana kwenye mikaratusi, na nilipofika niliwakuta wachache kuliko tulivyosema. Wengine waume zao waliwafungia. Mmoja alituma salamu kwamba anaumwa tumbo, na tumbo hilo tulilijua. Mke wa mchungaji, ambaye sikumtegemea, alikuwa wa kwanza, midomo imekauka, kitabu cha nyimbo kwapani. Kila mmoja alivua kaniki yake ya juu akaishika kwa pembe na mwenzake, wakanizunguka. Upande wa mbele ukabaki wazi. Nguo haikutosha.

"Hiyo uliyobeba ni nini?" mpika pombe aliniuliza.

Ilikuwa kaniki ya shemeji, nimeikunja kwapani. "Hii ni ya kurudisha."

"Itarudishwa. Kwanza ifanye kazi."

Akaichukua, akaishika mbele yangu mwenyewe, pembe moja yeye na pembe moja mkunga. Tukaanza kutembea. Ndani mle nilikuwa naona miguu tu, miguu ya wanawake, yenye matope, mingine ina pete za shaba, na majani yanapita. Sikujua niko wapi.

Tarishi alitukuta uani. "Nyie mama, mmebeba maiti?"

"Tumemsindikiza mkamwana," alisema mpika pombe. "Funua basi, halafu wewe ndiye umtake radhi mkwe wake."

Tarishi akarudi nyuma. Nilimsikia akitema mate.

Halafu tukafika mlangoni, nami nikasikia kikohozi. Kimoja. Kimya. Cha pili. Miguu yangu ilitaka kukimbilia kichakani kama ilivyozoea, lakini kichaka hakikuwepo, palikuwa na wanawake pande zote. Mkunga akapaza sauti, ile ya njiani, "Mzee! Mke wa mwanao anapita!"



Kigoda kikakwaruza. Sikujua amesimama au ameketi vizuri. Nikasikia shemeji anapiga kelele, "Baba, kaa! Usimpishe mwanamke!" Kaniki mbele yangu ikaanza kutetemeka. Nilijua, na wote tulijua, kwamba mzee akikaa anatazama mlango, mkunga hatapita, na wale wa kabila lake hawatapita, na mimi nitarudi kupika kwa shemeji. Nilianza kusali sala ya mtoto, ile ya kulalia, maana nyingine zote zilinitoka.

Kigoda kikakwaruza tena.

Mkunga akachungulia. "Amegeuka," alinong'ona. "Pita, pita haraka."

Tukapita kizingiti, tukasimama hapo hapo, kigoda chake kikiwa mbele yetu kidogo.

"Haya, hema la nani hili?" aliuliza mkubwa wa baraza kutoka mezani kwake, na watu wakacheka. "Nani yumo humo?"

"Mimi, baba. Mke wa marehemu."

"Umekuja kufanya nini?"

Nilikuwa na maneno mengi. Nimeyapanga siku hizo zote nikiteka maji, nikisaga, nikinyonga kuku. Yote yakaondoka. Nilitazama chini ya pindo, nikaona sakafu ya udongo, nikaona vidole vya miguu vya watu, halafu nikaona buti. Buti za ngozi. Nilizijua kwa mshono wa kulia alioushona marehemu mwenyewe kwa waya, Nyololo, ameketi kwenye gunia la viazi la shangazi. Zilikuwa miguuni mwa shemeji.

Hapo sauti ikaja.

"Baba," nilisema, "shemeji yangu amevaa viatu vya marehemu. Viatu havikuulizwa. Mimi naomba niulizwe."

Watu wakaguna. Mtu nyuma akasema, "Mwe!"

"Ameshaulizwa!" shemeji alifoka. "Alipokea kaniki! Kila mtu alimwona, kwa mikono miwili! Alisema na asante!"

"Ulipokea?" mkubwa wa baraza aliniuliza.

"Nilipokea. Kwetu Iringa nguo ya msiba ni pole. Sikujua huku ni ndoa. Mngeniambia, ningeweka mikono yangu mgongoni."

Wanawake waliosimama nje wakacheka. Mkubwa wa baraza akagonga meza.

"Kilichopokewa kwa mkono mbele ya watu hurudishwa kwa mkono mbele ya watu," alisema. "Iko wapi hiyo kaniki?"

Mwenzangu, ilikuwa mbele ya uso wangu. Ilikuwa ndiyo ukuta.

"Usishushe," mkunga alinong'ona. "Mzee yuko mbele yetu hapo. Akigeuza kichwa tu, tumekwisha."

Mpika pombe alinitazama. Jasho lilikuwa linamtoka na baridi ile yote. Aliningoja mimi. Na mimi nilimfikiria mwanangu anapeleka maji kwa mzee wa ng'ambo, anatembea taratibu asimwage.

"Shusha," nikasema.

Wakashusha.

Kati yangu na baba mkwe hapakuwa na kitu. Alikuwa ameketi anatazama ukuta wa udongo, karibu sana, pua inakaribia kugusa. Koti kuukuu la jeshi, limechanika begani. Shingo nyembamba, ya mzee, yenye mikunjo kama ya kuku. Nzi alikuwa anatembea juu ya shingo ile na yeye hakumfukuza. Baraza zima lilikuwa linamtazama yeye, si mimi. Mikono yake ilishika magoti kwa nguvu. Nilielewa kwamba anafanya kazi ngumu kuliko yangu.

Nikaikunja kaniki, nikamwendea shemeji, nikamnyooshea kwa mikono miwili.

Akaweka mikono yake mgongoni.

"Pokea," alisema mkubwa wa baraza.

"Sipokei mpaka baba aseme."

Kaniki ikabaki mikononi mwangu. Sijawahi kubeba mzigo mzito kama ule, na nimebeba magunia. Watu wote wakaugeukia mgongo ule wa koti. Nzi akaruka. Mzee akaanza kusema na ukuta.

"Mwambieni huyo mwanangu," alisema, "viatu nilimkataza. Apokee nguo."

Shemeji alipokea kama mtu anayepokea kaa la moto.

"Na mtoto, mzee?" mkubwa wa baraza aliuliza. "Mtoto ni wa nyumba yako."

Nilitamani kupiga magoti, lakini ningempigia nani, mgongo?

"Yule mtoto ni mke wangu," alisema mwishowe, na watu wakacheka kidogo, maana babu ndivyo anavyomwita mjukuu wake. Mimi sikucheka. "Mke wangu akienda Iringa, nani atanimwagia maji ya kunawa?"

Nilisikia mke wa mchungaji anavuta pumzi nyuma yangu.

"Yule wa ng'ambo ya mto," mzee aliendelea, "sikumwita mimi. Mwambieni mkamwana, huko kwao kuna baridi. Mtoto apewe blanketi langu. Aende na mama yake. Akikua, akitaka kunitazama, aje kwa miguu yake. Yeye hakatazwi kunitazama."

"Baba!" shemeji alisema. "Umetuaibisha kwa ajili ya mwanamke wa kuja!"

Mzee alikohoa. Akasubiri kidogo. Akakohoa tena.

Nikajua. Alikuwa anataka kugeuka, alikuwa ananipa nafasi. "Inueni!" nikawaambia wenzangu, na wao wakainua kaniki zilizobaki, wakabana pale penye pengo kwa miili yao, tukatoka kinyumenyume mpaka uani, tukikanyagana vidole, mpika pombe analia kwa sauti na kumtukana tarishi papo hapo.

Tuliondoka siku hiyo hiyo, shemeji asije akabadili mawazo ya wazee. Sikupumua vizuri mpaka Nyololo. Kila lori lililokuja nyuma yetu nilidhani amelipanda. Mwanangu alilala mapajani mwangu ndani ya blanketi linalonuka moshi na ugoro, akiamka anauliza, "Babu naye anakuja?"

Baadaye nilisikia ule ukuta wetu ulikwenda kwenye mabaraza mengine. Mkunga alikuwa anauongoza, na mpika pombe alikuwa anapiga kelele. Mimi Iringa nilitafuta wanawake wanaofuma, nikaketi nao, nikaanza kusema. Hivyo ndivyo chama kilivyokuja. Hao mabinti wa juzi wana ofisi, wana mihuri, wana gari, nami najivunia, lakini niliwaambia wasije wakasahau kwamba kilibebwa na wanawake ambao magoti yalikuwa yanagongana.

Mwanangu alipokuwa msichana mkubwa wa shule, alitaka kwenda Mbalizi. Sikumzuia. Alipanda basi peke yake, akakaa likizo yote. Aliporudi alikuwa na maharage ya kubeba na habari nyingi, akakaa jikoni anasimulia, akafika kwa babu yake. "Mama, babu yule ana u—"

"Nyamaza," nikamwambia. "Usoni mwake usinipeleke. Ulimnawisha mikono?"

"Nilimnawisha."

"Basi. Leta hayo maharage tuchambue."